Hewa Iliyongojwa na Wodi Nzima

Walisema sitafika popote. "Mtoto wa mchunga mbuzi wa Habaswein, asomee umeme?" Nikasoma, nikapata diploma, nikafanya kazi Uarabuni, nikarudi Garissa kufungua duka la sola. Leo nyumba za hao waliocheka zinawaka kwa taa zangu. Nendeni mkaone.

Basi mtu wa hadhi hiyo alipasukiwa na kidole tumbo, akapelekwa hospitali kwa tuktuk akilia, akafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Nilizinduka sina hata shuka. Mzee wa kitanda jirani, mfugaji aliyevunjwa mguu na ngamia wake, alinikopesha kikoi. Mgonjwa wa dirishani akanikopesha mto.

Muuguzi, dada kutoka bara, alinilowesha midomo kwa pamba.

"Umetoa hewa, kaka?"

"Bado, sista."

"Hunywi kitu mpaka utumbo uamke. Utumbo ukigoma kuamka, daktari atakufungua tena."

Hewa ilikuwa imetoka tangu alfajiri. Lakini kwetu, mwanamume akisikika akitoa hewa mbele za watu, aibu hiyo watarithi wajukuu. Nikavumilia kiu, nikiitazama chupa ya chai ya hooyo, mama yangu, iliyokaa imefungwa. Kila nilipoulizwa nikajibu bado.

Jioni daktari akasema kesho nirudishwe chumba cha upasuaji. Hooyo akajifunika uso kwa shela.

Muuguzi alivuta pazia, akaketi, akanishika mkono.

"Kaka," alinong'ona, "wanaume wa hapa hunijibu ukweli wote, isipokuwa kwa swali hili. Imetoka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi!" mzee akapaza sauti nyuma ya pazia. "Mimi niliisikia alfajiri, nikadhani ngamia wangu amekuja kuniomba msamaha!"

Wodi ilicheka mpaka mshono wangu ukauma. Muuguzi alisikiliza tumbo langu, akamwita daktari naye akasikiliza, akafuta upasuaji, kisha muuguzi akaninywesha chai ya hooyo kijiko kwa kijiko, kama mtoto. Nimekunywa chai katika hoteli za ghorofa arobaini. Hakuna iliyoifikia ile.

Siku ya kutolewa nyuzi nilirudi na kikoi kipya cha mzee, mto wa yule wa dirishani, na dumu la maziwa ya ngamia kwa wodi nzima. Ikabaki deni la muuguzi, jibu nililomficha; maziwa aliyapokea akicheka.

"Umetoa hewa, kaka?"

"Kila siku, sista!" nikajibu kwa sauti, mlango wazi, hooyo akisikia.