Kiondo cha Muthokoi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha fizikia katika shule ya kutwa karibu na Mitaboni. Nishati haipotei, niliandika ubaoni. Huhifadhiwa au huhama. Wanafunzi walinakili kwa utiifu. Utiifu wa aina hiyo huniudhi, kwa sababu hauna swali.

Swali lilitoka kwa msichana mmoja wa kidato cha pili. Aliishi na nyanya yake, aliyemwita Susu, na kila siku baada ya chakula cha mchana aliondoka kwenda kutafuta kuni milimani. Masomo ya alasiri yalimpita yote.

"Mwalimu, sufuria ikitolewa kwa jiko, hiyo moto yake inaenda wapi?"

Nilimwambia alete kiondo. Asubuhi iliyofuata tulikijaza nyasi kavu, tukatia ndani sufuria ya maharagwe na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ikiwa bado inatokota, tukafunika kwa blanketi kuukuu. Kufikia mchana chakula kilikuwa kimeiva bila kuni nyingine. Jioni hiyo nilikwenda kwa nyanya yake, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa sharti: kiondo kikipika hata nyumbani kwake, msichana atabaki shuleni mpaka jioni. Kisipopika, nisirudi.

Kesho yake alasiri, dawati lake lilikuwa tupu.

"Haikuiva," aliniambia asubuhi iliyofuata. "Susu alikuwa anafungua kuangalia. Halafu majirani wakakuja, akawafungulia pia."

Nilikasirika. Subira huvuta heri, lakini huko mwanamke asiyefunua sufuria huambiwa ametelekeza jiko. Kila jirani alionyeshwa maajabu, na kila mmoja aliondoka na joto lake. Nilimwambia msichana amweleze nyanya yake mwenyewe, kwa Kikamba, maana chaki yangu ilikuwa imefika mwisho.

Alifikiri kidogo. "Nitamwambia ni kama boma ya mbuzi. Ukifungua kila saa uhesabu, zitatoka."

Siku iliyofuata, kipindi cha kwanza cha alasiri, alikuwa ameketi mahali pake. Nilimuuliza ni nani aliyebaki akiangalia chakula.

"Hakuna mtu anaangalia. Susu amekalia kiondo, ndio asifungue."

Darasa zima lilicheka. Mimi nilifurahi kuliko nilivyotaka waone, nikawaambia wafungue vitabu. Kengele ya jioni ilipolia aliinua kichwa, akasikiliza hadi ikanyamaza. Hakuwa amewahi kuisikia akiwa darasani.