Mvua Itabeba

Kwetu Kasha, mtaa wa mlimani, mvua ikianza kugonga mabati, milango ya nyuma hufunguka. Huyu anatoka na beseni, yule na gunia, na taka za wiki nzima zinamwagwa mferejini. "Mvua itabeba," ndivyo tunavyosema. Na kweli hubeba. Hatukuwa tunauliza inapeleka wapi.

Inapeleka kwa mama yangu. Nyumba yake iko chini ya mteremko, pale mfereji unapokata kona. Mwaka mmoja maji yalikuta kona imezibwa na chupa, matambara na maganda ya ndizi. Yakaacha njia yake, yakala udongo, na kilima kikashuka nayo. Mama alipoteza ukuta wa jikoni. Jirani yake, aliyekuwa akiazimana naye chumvi, tulimtoa matopeni akiwa amekwisha kufa.

Tulisaidiwa. Blanketi na mahema ya plastiki yalitoka mjini Ibanda; mjomba alitoka kijijini Nyangezi na maharagwe na miti ya kujengea. Mama alipokea vyote kwa mikono miwili, kisha akajenga palepale.

"Niende wapi?" aliniuliza. "Kiwanja kingine kiko wapi?"

Kiwanja sikuwa nacho. Nilikuwa na jembe. Jumamosi za salongo, mtaa mzima unapotoka kwa kazi ya pamoja, tulizibua kona, tukapanda matete kando ya mfereji, na huko juu tukachimba shimo kubwa la taka. Lakini mazoea hayazikwi shimoni kwa siku moja.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Nilipanda mbio hadi juu. Jirani mmoja, maman anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa tayari mferejini, beseni kiunoni.

"Maman, tafazali, peleka kwa shimo."

"Weye! Vitabu vimekushinda, sasa uko mulinzi wa uchafu?"

Waliojikinga mlangoni walicheka.

"Ndiyo, maman. Naulinda usilale kwa kitanda ya mama yangu."

Kicheko kilikatika. Alitazama chini, kwenye mabati mapya ya mama yaliyokuwa yakimetameta kwa maji.

"Shimo iko mbali," alisema, polepole sasa. "Na miye nalowana."

"Lete."

Nilibeba beseni lake, magamba ya samaki yakinitiririkia shingoni. Niliporudi, nilimkuta amesimama pale nilipokuwa nimesimama, kitenge kichwani, akimfokea jirani yake:

"Papa! Iyo gunia, kwa shimo! Kule chini kuna mutu!"

Nikateremka kuangalia kona. Maji yalipita mekundu, yenye hasira, lakini ndani ya kingo zake. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, viatu miguuni, tayari kukimbia.

"Yamepita?"

"Yanapita, mama."

Hakuvua viatu, na sikumwambia avue. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na huko juu kulikuwa na milango mingi. Nikapanda tena.