Alama kwenye Fimbo Iliyopinda

Fimbo yangu ya pool ni ya vipande viwili. Unaviunganisha kwa skrubu ya shaba, na ukimaliza kucheza unavirudisha kwenye mfuko mweusi wenye zipu. Nilijinyima miezi mingi kuipata. Ncha yake ya ngozi naitengeneza mwenyewe, naipitishia msasa laini mpaka ipate mviringo kidogo, kwa sababu ncha bapa huteleza ukigonga mpira mweupe pembeni. Mimi ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kimara. Msasa, gundi, pima maji, vyote naviuza mimi. Kujua kilichonyooka na kilichopinda ndiyo kazi inayonilisha.

Baa tunayochezea iko nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro, paa la bati, meza moja tu. Sheria ni ile ya kila mahali: mshindi anabaki mezani, aliyefungwa anampisha mwingine. Kwa miaka sita, Jumamosi nyingi aliyebaki mezani nilikuwa mimi. Watu waliniita fundi, nami nilijifanya sijasikia ili waniite tena.

Kisha akaja mkaanga chipsi.

Mama mwenye baa alimpa kibanda pale mlangoni. Mtu wa kusini, rika langu, mpole mpaka anakera, aproni imelowa mafuta. Alikuwa anacheza wakati viazi viko kwenye karai. Anavimimina, anakuja mezani, anazamisha mipira minne mitano, anarudi kuvigeuza, anakuja kumalizia na nyeusi, mpira wa mwisho. Wateja waliokuwa wakipiga kelele kwamba zege lao, yaani chipsi mayai, limechelewa, sasa walisogeza viti wamtazame. Mara ya kwanza aliponifunga nilisema amebahatisha. Mara ya kumi nikasema meza haiko sawa, na siku iliyofuata nikaja na pima maji kutoka dukani, nikaweka vipande vya boksi chini ya mguu mmoja mpaka povu likakaa katikati. Wote tuliozoea meza ile mbovu tukakosakosa siku nzima. Yeye aliusukuma mpira mweupe mara moja kwenda na mara moja kurudi, akautazama, akasema, "Ahaa, imekaa vizuri sasa, braza. Asante." Akanifunga.

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa na fimbo nzuri. Hakuwa nayo. Alichezea fimbo ya baa, ile iliyokuwa ikiegemezwa ukutani karibu na jiko, imepinda kwa joto. Niliwahi kuivingirisha mezani, ikawa inarukaruka. Fimbo ya namna ile mimi nisingeikubali hata kwa kuanikia nguo.

Na mkao wake! Mimi najua inavyotakiwa. Mkono wa mbele utulie mezani, kidevu kishuke mpaka kikaribie mti wa fimbo, kiwiko cha nyuma kitulie na mkono wa chini tu ndio uende na kurudi, tena kwa ulaini, maana anayeikamia fimbo anaipindisha mwenyewe. Yeye alisimama nusu wima kama mtu anayechungulia sufuria. Lakini nimecheza muda wa kutosha kujua kinachomtofautisha mchezaji na mchezaji, na nitakisema ingawa kinaniuma. Wa kawaida anaangalia mpira anaotaka kuzamisha. Mzuri anaangalia mweupe utasimama wapi baada ya hapo. Huyu bwana alikuwa keshamaliza kuangalia hayo yote tangu yuko jikoni, mgongo ametupa sisi, anachuja mafuta. Nilimwonea wivu mpaka nikawa sili chipsi zake.

Siri yake niliigundua siku moja akiwa ameenda kumwaga maganda. Niliichukua ile fimbo, nikapapasa mti wake. Karibu na kitako palikuwa na alama ndogo, mkato wa kisu cha kumenyea viazi. Nikaanza kumchunguza. Kila alipoishika, kabla hajainama, kidole gumba kilitafuta ule mkato na kutulia hapo. Basi nikaelewa. Fimbo iliyopinda haina shida kama unaishika upande uleule kila mara, kwa sababu inakukosea vilevile kila mara, na mkono unalizoea kosa lake. Sikumwambia mtu. Moyoni nilisema, kumbe si kipaji, ni alama tu.

Mwezi huohuo baa moja ya Temeke ilitupa taarifa kwamba wanakuja kucheza nasi Jumapili alasiri. Watu watatu kwa watatu, atakayeshinda michezo miwili amemaliza. Nafasi mbili za kwetu zilijulikana. Ya tatu, ambayo kwa miaka yote ilikuwa yangu bila mtu kuuliza, mama mwenye baa alimpa mkaanga chipsi.

Nilimfuata kaunta. "Shikamoo mama. Mimi je?"

"Marahaba. Wewe una fimbo nzuri, baba," alisema huku anafuta glasi. "Mwenzio ana mkono."

Sijui kama aliwahi kujua alichonifanyia kwa maneno hayo. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu aliniuliza naumwa nini, nikasema kichwa.

Jumamosi mchana, mkaanga chipsi alipoenda sokoni kufuata viazi, nilikaa pale karibu na jiko na fimbo yake mapajani. Nilikuwa na msasa wa aina mbili mfukoni, mkali na laini. Mtu akiuliza ningesema namsafishia. Hakuna aliyeuliza, maana nani atamwuliza fundi? Nilisugua mpaka mkato ukaisha, nikamalizia kwa laini, nikapaka mafuta kidogo ya mbao kutoka dukani kwetu ili mti usionekane mpya. Kazi safi. Niliirudisha ukutani na kujikung'uta suruali.

Jumapili watu walijaa mpaka nje, wengine bado na nguo za kanisani. Mchezo wa kwanza tulishinda, wa pili tukafungwa. Ukabaki wa mkaanga chipsi.

Alivua aproni, akachukua fimbo yake. Kidole gumba kikaenda mahali pake. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nikakiona kinatafuta. Kikasogea juu, kikashuka, kikazunguka mti mzima. Akainama, akapiga, akakosa mpira ambao hata mlevi angezamisha. Watu wa Temeke wakashangilia. Nami nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi mpaka nikaficha mdomo kwa mkono.

Mpinzani wake akazamisha mitatu, akakosa wa nne. Mkaanga chipsi hakuinama tena. Aliinua fimbo, akapitisha kidole pale paliposuguliwa, polepole, kisha akanusa kidole. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Alinitazama mimi.

"Braza," alisema, kwa heshima ileile ya siku zote, "naomba fimbo yako."

Baa nzima iligeuka. Nilifungua zipu, nikaunganisha vipande, nikampa. Aliivingirisha mezani mara moja, akaona inavyokwenda bila kutetereka, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyekutana na mgeni mwenye adabu. Akapaka chaki.

Sikuwahi kuiona fimbo yangu ikifanya mambo yale. Aliugonga mweupe chini ukarudi nyuma mpaka mlangoni kwa shimo la kona, akaugonga juu ukafuata, akaugonga laini ukasimama palepale kama umeambiwa. Kila mpira ulizama na kila mara mweupe ulikuwa umeshafika kwa unaofuata. Miaka yote nilidhani fimbo ile inaishia nilipoishia mimi. Nyeusi aliizamisha shimo la katikati, na watu wakamnyanyua juujuu na fimbo yangu mkononi.

Aliponirudishia alikuwa ameshaifuta kwa pindo la shati lake. Akaniinamia sikioni, katikati ya kelele.

"Imenyooka kweli, braza. Ila ile yangu usiiguse tena."

Akavaa aproni, akarudi kwenye karai. Jumatatu nilikuta ameshakata alama nyingine kwa kisu kilekile, na tunacheza pamoja mpaka sasa, ananifunga, ananiita braza, ananiongezea kachumbari bila kuombwa. Nimeipangusa fimbo yangu kwa spiriti mara nyingi, lakini nikishusha kidevu bado naona kama inanukia mafuta ya chipsi.

Hajamwambia mtu hata mmoja. Nimemsubiri aseme, nimeandaa na uongo wa kumjibu, hasemi. Ingekuwa mimi ndiye niliyefanyiwa, Kimara nzima ingejua kabla ya magharibi. Na hilo nalo namwonea wivu.