Alikojifunza Ngoma Bonifasi

Siku niliyompokonya Bonifasi vijiti vyake vya ngoma naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Usicheke. Nilikuwa na mtoto mgongoni na kanga imelowa mkojo.

Ilikuwa Nyakahura, wakati wa vita. Baba Devota alikuwa mstari wa mbele na wanamgambo wenzake, mimi nimebaki na Devota wa miezi minne, ambaye usingizi wake ulikuwa mmoja tu, wa mchana. Zamani kila mtu alikaa ndani ya migomba yake, jirani akipiga kelele husikii. Kijiji cha ujamaa kilitupanga mstari kama madawati, na nyumba ya pili kutoka kwangu vijana wanne wakaweka bendi. Bendi ya roki. Wengine walisema loki. Kelele ilikuwa ileile. Magitaa mawili wameyaunganisha na redio na betri ya trekta la kijiji, na Bonifasi anapiga mapipa.

Siku hiyo mtoto alishtuka mara ya tatu. Nikaenda, nikanyakua vijiti. "Nimesoma mpaka kidato cha pili, barua naijua kuandika! Leo hii mtafungiwa."

Teofili, mwimbaji wao, akasema, "Mama Devota, jina langu usilikosee, mimi ndiye kiongozi." Wakacheka. Nikaondoka nimewaka.

Njiani nikampita bibi yake Bonifasi, amekaa mlangoni anasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Sikumwamkia.

"Mkamwana," akaniita, kama alivyowaita wake wote wa kijiji, "shikamoo yako umeiacha wapi?"

Nikarudi, nikapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Naenda ofisini kuwashtaki wale wa bendi."

"Marahaba. Umewauliza nini?"

"Niwaulize nini, Bibi? Wanapiga kelele!"

"Miaka yote hiyo shuleni, kuuliza hawakukufundisha? Unamshtaki mtu hujui alikotoka."

Aliyasema hayo bila kuacha kazi. Kibuyu kikaenda mapajani mwake: ku-ku-pa, ku-ku-pa. Nikasimama kama nimepigwa kofi. Mwanangu, mlio ule ndio wa mapipa ya Bonifasi, uliokuwa ukimwamsha mtoto wangu! Hasira haikuisha, lakini udadisi uliniingia kama kiroboto, na kiroboto hakuachi ukae.

Nikarudi kwa vijana, nikawauliza mmoja mmoja. Teofili alitoka kwaya ya misheni. Walimfukuza kwa kuivuta Amina mpaka padri akaketi. Zakayo, wa gitaa, alilelewa Murusagamba na mjomba mpiga nanga, ile ya nyuzi inayolazwa magotini, ndiyo maana na gitaa alililaza hivyo. Hamisi, wa besi, alianzia kwenye dufu la madrasa, na bado alihesabu kwa kutikisa kichwa.

"Na wewe?"

Bonifasi akatazama chini. "Mimi sikujifunza popote, dada."

Nikamvuta pembeni. "Muongo. Nimetoka kwa bibi yako sasa hivi."

Jitu zima lile likanibembeleza nisiseme. Kwetu kusuka maziwa ni kazi ya wanawake. Yeye hakuwa na mama wala dada, na bibi alimpa kibuyu angali mdogo.

Ofisini nilikwenda hata hivyo, kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Nikamkuta Katibu wa kijiji na fomu mezani: bendi ilikuwa inaombewa kibali cha kwenda Ngara mjini, kuwapigia wapiganaji watakaporudi. Kila mmoja ameandikiwa alikojifunza: kwaya, nanga, dufu. Kwa Bonifasi imeandikwa "Hana."

"Huyu tunamtoa," Katibu akasema. "Mpwa wangu alipiga ngoma ya gwaride shuleni. Atakaa pale."

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Basi huyu kwao ndiko alikokuwa anafutwa! Hasira yangu ikageuza njia. Lakini sikuandika papo hapo. Somo la bibi lilikuwa bado la moto, nikarudi kumwuliza mwenyewe.

Bonifasi akanyoosha mkono, nikamrudishia vijiti vyake. Kisha akasema, "Andika, dada. Wakinicheka, wanicheke nikiwa Ngara."

Mwanangu, kukasirika sikukatazi. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila kabla hujamshtaki mtu, muulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukimsikia mtu anasema hakufundishwa na yeyote, chunguza: mara nyingi alifundishwa na mwanamke, akaona haya kumtaja. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na wanao wapate usingizi wa mchana.

Lalamiko nililolipeleka niliandika hivi:

"Ndugu Katibu, mimi Mama Devota wa mstari wa pili nalalamika. Kwanza, mapipa yanapigwa saa ya mtoto kulala, yahamishiwe ghalani. Pili, fomu yako ina uongo. Palipoandikwa Hana, futa. Andika: Bonifasi alijifunza ngoma kwa bibi yake, kwenye kibuyu cha maziwa, tangu utoto. Majibu nayasubiri hapa hapa kwenye benchi. Mtoto ameshaamka, hatuna haraka."