Kalunde na Mizinga ya Kyandula

Suruali niliishona mimi. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu kwa miaka saba sikulisema, na miaka saba ni mingi kwa mtu anayejiita Mkristo.

Kalunde alikuwa mke wa kaka yangu Ndolo, yaani wifi yangu, lakini Matinyani yote ilimwita Mama Kiema kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya mto, na kunong'ona hakujui. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, ile kazi tuliyoiita ngumbaru. Wenzake walifundisha ndani ya kanisa kwa ubao na chaki. Yeye alifundishia porini. Alisema mwanamke aliyeshika jembe tangu alfajiri, ukimketisha kivulini na kumwandikia a, e, i, o, u, atalala tu. Alisema kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kukoroma katika darasa la namna hiyo, Biblia ikiwa mapajani.

Basi alitupandisha kilima cha Kyandula. Tulikuwa wanawake ishirini na kitu wa mwethya mmoja, kikundi cha kuchimbiana matuta mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Chini ya kilima hicho kuna chemchemi. Mito yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, unachimba mpaka mkono uishe ndipo upate kikombe cha maji, lakini chemchemi ya Kyandula haikuwahi kukauka, hata katika ukame wa themanini na nne. Sisi tulidhani ni bahati. Kalunde alikasirika tulipomwambia hivyo.

Siku moja alibeba karai mbili kuukuu zenye matundu upande mmoja. Moja aliijaza udongo uliong'olewa pamoja na nyasi zake, nyingine udongo mtupu. Akaziinamisha juu ya jiwe, akamwaga jagi moja moja la maji. Ile ya nyasi iliyanywa maji, ikakaa, kisha ikaanza kuyatoa polepole kwa chini, meupe. Ile tupu ilitapika yote mara moja, pamoja na udongo wake.

"Hii tupu ni Kyandula bila miti," akasema. "Na huyu amekaa huku chini na mtungi anangoja maji, ni nani?"

Alituangalia mmoja mmoja.

"Ni wewe Nthenya! Unaangalia wapi?"

Nthenya ni mimi. Nilikuwa naangalia mchwa waliopanda kwenye sketi yangu, lakini somo lilinishika, na sijalisahau mpaka leo.

Kisha akafanya lile kosa. Alipata mkebe wa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka zahanati, akachagua miti kumi na miwili, mikubwa kuliko yote, akaandika kwenye kila shina namba na jina. Namba moja muuku, namba mbili mulaa, namba tatu mukau, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Tulikuwa tunatembea kutoka mti hadi mti tukinakili kwenye madaftari. Mti ulikuwa ubao wetu. Tulijifunza kuandika na kuhesabu, na kujua ni mti gani hushika udongo na upi mbuzi huufuata kwa maganda ya mbegu zake wakati nyasi zimeisha. Hata sasa nikiandika mbili naona ule mulaa ulioinama.

Kosa lilikuwa hili. Kwetu, tangu barabara ilipopanuliwa, mti wenye rangi nyeupe ni mti uliohukumiwa. Watu wa barabara walipita wakipaka, na nyuma yao wakaja watu wa misumeno. Kila mtu alijua. Mimi nilijua, nikashika kalamu nikanakili namba bila kuwaza chochote.

Wakati huo Mutunga, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameanza kuchoma makaa. Wenye malori wa barabara ya Mwingi walinunua makaa, naye alikuwa na karatasi yenye muhuri ya kumruhusu kuokota kuni zilizokauka. Kuokota! Jumatatu moja ya mwaka wa themanini na tano watu wake walipanda Kyandula na mashoka, wakaona namba zetu, wakafurahi kwamba kazi ya kuchagua imeshafanywa. Kufikia saa kumi miti yote kumi na miwili ilikuwa chini.

Tulimkuta Kalunde amekaa kwenye kisiki cha namba nne, analia kwa hasira mpaka kamasi zinamtoka na hajali. Wale wakataji walisimama mbali, wameona haya.

"Mama, sisi tuliona rangi," mmoja akamwambia. "Rangi ni ya kukata."

Mutunga alipoambiwa alicheka kwa heshima, maana alikuwa mtu wa heshima sana. "Mwambieni Mama Kiema asante," akasema. "Ametusaidia. Tutarudi Alhamisi ya wiki ijayo, tumalize na hiyo ingine."

Hiyo ingine ilikuwa kilima kizima.

Kalunde alikwenda kwa naibu wa chifu, akaonyeshwa ile karatasi yenye muhuri. Alikwenda kwa mchungaji, akaambiwa aombe. Akaenda nyumbani kwao, akaingia katika ghala la marehemu baba yake upande wa Tulia, akatoka na utando wa buibui kichwani. Baba yake, Muthama, alikuwa mfuga nyuki aliyejulikana mbali, na hakuacha mtoto wa kiume. Mizinga yake kumi na minane ilikuwa imelala humo ghalani tangu azikwe. Ni mizinga yetu ya kawaida, gogo lililotobolewa, na kila mmoja una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto. Alama ya ukoo wa Muthama ni mistari miwili na ndoano.

Kwetu hakuna anayekata mti wenye mzinga wa mtu. Asiyejua kusoma hata herufi moja anasoma alama ile, na akiisoma anarudisha shoka begani. Tatizo lilikuwa moja tu. Mzinga hutundikwa na mwanamume. Mwanamke hapandi, na mwanamke aliyeolewa hagusi alama ya ukoo aliotoka. Kalunde alimwomba mumewe. Ndolo ni kaka yangu na nampenda, ila wakati huo alikuwa akimwogopa Mutunga kuliko njaa. Alisema mgongo unamuuma.

Siku iliyofuata Kalunde alisimama mbele ya cherehani yangu sokoni Tulia.

"Nipimie suruali."

"Ya Ndolo?"

"Ya mimi."

Nilitazama huku na huku. "Mama Kiema, wewe ni mama wa kanisa. Watu watasema nini?"

"Wameshasema. Nitapanda aje na rinda, Nthenya? Unataka watu wa mwethya waone nini?"

Nilicheka ingawa niliogopa. Nilimshonea suruali ya kaki, mita mbili na kidogo, mlango wa kibanda ukiwa umefungwa na redio ikipiga kelele ili jirani asiulize.

Alitundika mizinga kwa siku tatu. Tulirusha kamba juu ya tawi, yeye akapanda, akakaa amelipanda tawi kama punda, na sisi chini tukavuta tukiimba ule wimbo wetu wa kuchimba matuta, maana huo ndio tuliokuwa nao. Mzinga wa tano ulimponyoka ukampiga goti. Alitukana, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa sauti ile ile. Mizinga yote ilikuwa mitupu. Nyuki wenyewe walikuwa wamehama kwa ukame, na aliyepita chini hakusikia hata mvumo. Lakini alama zilitazama njia.

Jumapili, Mutunga mwenyewe alisimama na karatasi akasoma. Dada yetu amevaa vazi la kiume mbele ya watu. Dada yetu amepanda miti. Hadi atakapotubu, atakaa benchi ya nyuma na hatashiriki meza ya Bwana. Kalunde aliinuka bila kungoja amalize, akatembea mpaka nyuma, akaketi. Mimi nilikuwa mbele, mstari wa pili, uzi wa kaki bado umenasa kwenye sweta yangu. Niliung'oa polepole nikauweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyeuliza nani alishona, nami sikujitolea kusema. Niliona aibu wakati ule na naiona sasa.

Alhamisi ilifika. Wakataji walipanda, wakaona mistari miwili na ndoano juu ya vichwa vyao, wakakaa chini. Mmoja alitumwa kumwita Mutunga. Mutunga hakuja peke yake. Alikuja na wazee watatu wa ukoo, na hapa lazima nieleze kwamba yeye na marehemu Muthama walikuwa ukoo mmoja. Alama ile ilikuwa yake pia. Ndiyo sababu alijiamini. Alitaka wazee waamue mbele ya watu kwamba mwanamke hana haki nayo, mizinga ishushwe, mashoka yaendelee.

Mzee mkubwa kati yao, Kiluu, alizunguka akitazama juu, mzinga baada ya mzinga. Hakufurahi.

"Binti Muthama," akasema, "wewe uliolewa. Hii alama si yako."

"Ni ya nani, baba?"

"Ya ukoo."

"Na mizinga?"

"Mizinga pia ni ya ukoo!" Mutunga alimwahi mzee. "Baba yako alikufa bila kijana, vitu vyake vilirudi kwa ukoo. Kila mzinga uko hapa ni yetu. Si yako hata moja."

Kalunde akatugeukia sisi wa mwethya.

"Mmesikia vile baba Mutunga amesema?"

Tulisema tumesikia.

"Wazee, na nyinyi mmesikia? Mizinga ni ya ukoo?"

"Ni ya ukoo," Kiluu akasema.

"Basi chukueni, nimewapa. Mimi sikutaka mizinga, nilitaka miti." Akamnyang'anya mkataji mmoja shoka, akalipeleka mpaka kwa Mutunga, mpini ukiwa mbele. "Shika, baba. Anza na huu. Kata mti umebeba mzinga wa ukoo wako, na wazee wako wanaangalia."

Mutunga hakulipokea. Mizinga aliyotaka ishushwe kwa kuwa ni ya mwanamke, sasa alikuwa ameitangaza mwenyewe kuwa ya ukoo. Alimtazama Kiluu, na Kiluu alikuwa akimtazama yeye. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Naapa nilitamani kupiga kigelegele, lakini niliogopa kuharibu.

"Mutunga," mzee akasema mwishowe, "peleka hawa vijana nyumbani."

Walishuka. Hawakurudi tena Kyandula, na chemchemi ipo, twende nikuonyeshe. Mvua ziliponyesha vizuri tena nyuki walirudi, mizinga kumi na mmoja ikajaa, na ukoo ulikuja kurina asali yake. Kalunde hakupewa hata kijiko. Hakuuliza. Darasa liliendelea, ila sasa majina ya miti yaliandikwa kwenye vipande vya bati vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Mkebe wa rangi aliuzika kwa mikono yake.

Mwaka wa tisini na mbili tulipata mchungaji mpya, mtu mpole. Hakupenda kuona mama mzima ameketi nyuma kwa miaka saba. Alimwambia aje mbele Jumapili, atubu kwa maneno machache, yaishe. Mutunga alikuwa bado mzee wa kanisa, ameketi pale pale kwenye kiti chake.

Kalunde alikuja mbele. Goti lile lililopigwa na mzinga lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo alichukua muda.

"Niliambiwa nitubu, nami nina dhambi," akasema kwa sauti yake ya kuitia mbuzi. "Nilipaka miti rangi. Miti kumi na miwili. Mungu aliiotesha kabla mimi sijazaliwa, na ilikatwa kwa mkono wangu, kwa sababu nilijifanya mwalimu nikasahau watu wa kwetu husoma nini. Naomba msamaha kwa Mungu na kwenu. Kila siku naomba."

Alilia, na wengi walilia. Mchungaji alinyoosha mkono ampokee.

"Na ile suruali, mama?" Mutunga akauliza.

"Suruali situbu," akasema Kalunde, akageuka kurudi nyuma.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta nimesimama tu mstari wa pili, nimeshika kitabu cha nyimbo.

"Suruali nilishona mimi," nikasema. "Na kitambaa kilibaki. Mama yeyote anataka kupanda Kyandula, mimi niko Tulia siku ya soko."

Kisha nikachukua mkoba wangu nikamfuata Kalunde. Alisogea kidogo, nikaketi.