Heshima Iliyomfunga Mama Mdomo

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya vita vya serikali na waasi wa Shifta, hapa Garissa, wakati mfugaji alipotakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu wa hapa, si wa ng'ambo ya mpaka. Siku hiyo mama yangu alihojiwa na ofisa wa serikali katika kambi ya ukaguzi.

Mama alizaliwa Lafey, karibu kabisa na mpaka lakini upande wetu. Kiswahili hakukijua. Pale kambini palikuwa na mkalimani wa serikali, mtu wa ukoo mwingine, nasi hatukumtaka. Tukasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, afadhali atafsiri mume wangu Abdullahi, aliyejifunza Kiswahili dukani. Ofisa akakubali. Tukafurahi.

Sasa nikueleze taratibu, maana nyinyi vijana siku hizi mnakula na wakwe zenu sinia moja. Enzi zetu mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni, wala hakumuuliza mambo yake ya ndani. Akimwona njiani, alipita mbali. Mtu huyo ndiye tuliyemketisha kati ya mama na ofisa.

Jina na mahali alipozaliwa vilipita salama. Kisha ofisa akauliza, "Ameolewa na wanaume wangapi?"

Abdullahi akainamisha kichwa. Hakumgeukia mama. "Mmoja tu, bwana. Mzee wa Ijara."

"Mbona hukumuuliza?"

"Huyu mama mkwe wangu, bwana. Jibu najua."

"Asubuhi nimemhoji mwanawe mkubwa. Anasema baba yake ni mwingine, yuko ng'ambo."

Ilikuwa kweli. Mama aliolewa kwanza na mtu wa ng'ambo, akaachwa, akarudi kwao. Abdullahi alijua, ila aliona aibu kuitaja talaka ile mbele yake.

"Mwambie," ofisa akasema, "anayeficha mume ataficha na alikozaliwa."

Mama akahisi mambo yameharibika. "Anasema nini, Abdullahi? Niambie nimjibu."

Abdullahi akaendelea kutazama chini, asimtafsirie. Mimi nilijaribu kusema kutoka mlangoni, askari akanitoa nje.

Alasiri wakapakiwa kwenye lori la kuwavusha mpaka wote waliosemekana ni wa ng'ambo. Mimi na Abdullahi tulipolifikia, mama alikuwa amekwisha kupanda. Hakufoka. Alimwita Abdullahi, na kwa mara ya kwanza akamtaka ainue macho.

"Mwanangu, umeniheshimu mpaka umenifunga mdomo. Kuachwa si wizi. Ningelisema mwenyewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hatukumwona mama tena. Tulituma salamu kwa kila aliyesafiri upande ule, hazikujibiwa. Kaburi lake hatulijui. Abdullahi aliishi miaka mingi, mtu mwema sana, lakini hakumtafsiria mtu tena, hata bei ya maziwa.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Basi nawe, mwanangu, unapokwenda kuhojiwa na watu wa uhamiaji, usimchukue mkalimani kwa sababu tu ni jamaa yako. Mchukue anayeweza kukuuliza kila swali kama lilivyo, hata la aibu, na kulipeleka jibu lako zima. Akijibu kabla hujafungua kinywa, mzuie palepale. Usipoelewa, omba swali lirudiwe, si kosa. Na kama kuna jambo linalokutia haya, liseme nyumbani kwanza, ulimi ulizoee. Siwezi kukuahidi kwamba ukweli utakuokoa. Mama alikuwa nao, ukabaki kifuani mwake. Lakini utakapoulizwa, kijibu kinywa chako, na najua utaweza.

Mwenyezi Mungu akukunjulie kifua, akufungulie fundo la ulimi, akupe wa kukusikiliza. Na siku zako zitakapokwisha, baada ya umri mrefu, wanao wajue ulipolala. Amin.