Ukungu Kwenye Lenzi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya filamu sikukabidhiwa kamera. Nilikabidhiwa kiti cha plastiki, nikaambiwa nikakae nacho gatini Deira mpaka adhuhuri, kisha nirudi nieleze nilichokiona.

Aliyenituma ni Mwongozaji. Ndivyo sote tulivyomwita. Alikuwa Mmeksiko, mama wa makamo mwenye sauti nzito, aliyekuja Dubai kutengeneza filamu ya hali halisi, yaani filamu isiyo na waigizaji, kuhusu walinzi wa Kiafrika na familia walizoziacha nyumbani. Mimi nilikuwa mpokea wageni katika hoteli aliyofikia, kule Al Garhoud, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Zamu ikipoa nilijifundisha kuhariri video kwa simu. Kazi yangu pekee ilikuwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu, ambayo niliihariri upya mara nyingi hata bibi harusi akachoka kuniuliza itakuwa tayari lini. Mwongozaji aliitazama, akaniuliza kama najua Kiswahili vizuri, akaniajiri.

Sijafika umri wa kuitwa bibi, lakini kazi yenyewe nimeshaiacha na vijana huniuliza ilikuwaje. Basi naomba mnivumilie nisimulie kama mstaafu.

Niliporudi kutoka gatini nilikuwa nimekariri kila kitu.

"Nimeona friji, matairi, magodoro, mchele wa magunia..."

"Hizo ni bidhaa," alinikata. "Nani alikuwa na haraka?"

Sikujua.

"Nani alikuwa akimwogopa nani?"

Hilo pia sikulijua. Kesho yake nilirudishwa gatini na kiti changu, na keshokutwa tena. Jioni moja alinieleza kwamba yeye mwenyewe alianza huko kwao Puebla kwa kubeba nyaya za mjomba wake aliyekuwa akirekodi harusi. Alipoingia chuo cha filamu katika mji mkuu, mwalimu wao aliwakataza kugusa kamera muhula mzima. Walitumwa sokoni kutazama watu.

"Tulimchukia sana," alisema. "Sasa nimekuwa yeye."

"Sawa, madam."

"Madam umwache hotelini. Hapa nataka mtu wa kubishana na mimi."

Kubishana sikuweza. Nilikuwa mtu wa kuogopa kukosea, na mtu anayeogopa kukosea huwa hata haulizi. Nawaambia hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Ofisi yetu ilikuwa fleti ya vyumba viwili Al Twar. Baada ya kiti nilipelekwa kwenye sauti. Kwenye mahojiano, mtu wa sauti huzima AC na friji, kwa sababu mngurumo wake ukishaingia kwenye maneno hautoki. Ili usisahau kuwasha friji ya watu, unaweka funguo za gari ndani yake. Huwezi kuondoka bila kuifungua. Kuzima AC ya watu mwezi wa Julai ni kutafuta ugomvi. Katika chumba cha walinzi tulichokuwa tukirekodi, mmoja aliyelala kitanda cha juu alinichungulia akitiririka jasho.

"Dada, ukizima tena hiyo kitu tutaiva. Utuletee na chai kabisa."

"Nyamaza wewe, niko kwa filamu," alisema Mzee Barasa, na chumba kizima kikacheka.

Mzee Barasa ndiye tuliyekuwa tukimfuata. Alikuwa mlinzi kutoka Webuye. Bintiye, Neema, alimwacha akiwa darasa la pili, na kila likizo ilipofika alichagua kubaki kazini ili karo isikatike. Sasa Neema alikuwa amekua, amepata kazi ya uhudumu katika hoteli ileile niliyotoka mimi, na alikuwa anakuja.

"Namwona kwa simu kila Ijumaa," alisema siku hiyo mbele ya kamera. "Lakini kwa simu mtu hana urefu. Sijui ananifika wapi." Akaweka mkono kifuani, akaupandisha begani, akautazama. "Hapa? Ama hapa?"

Mwongozaji alinigeukia. Sote tulijua filamu itaishia wapi.

Aliyenifundisha kamera ni Mpigapicha Mkuu, mtu wa Kerala, mpole, asiyependa maneno mengi. Kwake nilijifunza fokasi, yaani kuilenga lenzi ione wazi pale unapotaka. Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Tukifika mahali aliitoa kamera garini, akaiweka kivulini ikiwa wazi, akaenda zake kunywa chai ya karak. Mimi niliona vumbi litaingia. Niliona ni uvivu. Kumwuliza sababu kungeonyesha kwamba sijui, kwa hiyo sikumwuliza.

Wiki ambayo Neema alitarajiwa, Mpigapicha Mkuu aliitwa kwao. Mama yake alikuwa amelazwa. Mwongozaji aliniita.

"Utakwenda wewe. Mimi nikienda, Barasa atashinda akinipigia saluti. Ukiileta picha ya wanavyokutana, kamera ni yako na jina lako litaandikwa kama mpigapicha. Usipoileta, filamu haina mwisho."

Asubuhi ile ya Agosti nilifika mapema kwenye makazi ya wafanyakazi wa hoteli, Al Garhoud. Ruhusa nilikuwa nayo. Nilibandika kipande cha plasta chini, getini, nikamwomba Mzee asimame hapohapo.

"Usijali, dada. Kusimama ndiyo kazi yangu."

Nilimfunga maikrofoni ndogo kifuani. Kamera niliiacha garini, AC ikivuma, nikiifuta lenzi kwa kitambaa maalumu, nikiifuta tena, mpaka ikawa safi kama maji. Nilipanga kuitoa dakika ya mwisho isipate hata chembe ya vumbi.

Basi dogo lenye wafanyakazi wapya lilikunja kona. Nikatoka nayo mbio, nikaiweka begani, nikaiwasha irekodi, nikatazama. Kila kitu kilikuwa cheupe.

Sasa najua anachokijua kila mpigapicha wa Ghuba. Kioo kilichokaa kwenye baridi, ukikitoa kwenye joto lile lenye unyevu, hushika ukungu kama miwani ya mtu aliyefunua sufuria ya wali. Dawa yake ni kuitoa kamera mapema na kuiacha izoee. Yule wa karak hakuwa mvivu.

Nilifuta, ukarudi. Nikafuta tena. Masikioni, kwa vile nilivaa spika za kusikilizia, nilisikia mlango wa basi, msimamizi akiwahimiza kwa kelele, "Yalla, yalla! Pasipoti mkononi!" Kisha sauti ya msichana ikauliza, "Baba?" Kisha viatu vya Mzee Barasa vikikimbia kutoka kwenye plasta. Halafu kitambaa kikisuguana na maikrofoni, na pumzi.

"Baba, umekonda!"

"Mimi? Wewe je? Hawakukupa chakula kwa ndege?"

Ukungu ulipoisha walikuwa wameshaachiana. Mzee Barasa aliniona nimeishika kamera kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Haikushika, dada?"

Niliinamia lenzi.

"Basi turudie. Neema, rudi kwa gari, utoke tena."

"Nirudi wapi, Baba? Huyu ndiye bosi wako?"

"Ingia tu, mama. Ni kazi ya dada huyu."

Akaenda kusimama kwenye plasta, visigino pamoja, mikono ubavuni, akinitazama kama anavyowatazama wenye nyumba anazozilinda. Neema alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Lenzi ilikuwa safi. Nakiri nilivuta fokasi. Nakiri nilitaka.

"Khalas, basi, Mzee," nilisema. "Imeshika."

Mwongozaji aliutazama weupe ule mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa nini hukumwambia arudie?"

"Kwa sababu angekubali."

Akazima mashine. Kamera hakunipa. Alimpa mtu mwingine wa kukodi, na mimi akanihamishia kwenye uhariri. Tulijaribu kuimalizia filamu kwa ule weupe wenye sauti, ukaonekana kama ujanja wa wasomi, tukauondoa. Filamu iliishia na Mzee akiupandisha mkono kutoka kifuani hadi begani.

Sheria ya Mwongozaji ilikuwa kwamba aliyerekodiwa aione filamu kabla ya watu wengine. Mzee Barasa alikuja Al Twar na Neema, amevaa shati lililonyooshwa. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, bado alikuwa ameinama mbele akingoja.

"Na ile ya Neema?"

Nikamweleza yote, hata ule uongo. Alinisikiliza hadi mwisho, akajifuta uso.

"Afadhali," alisema. "Nililia vibaya sana siku hiyo."

"Ulinikanyaga pia," Neema akasema.

Niliwafungulia ile sauti. Wakaisikiliza, vichwa vimekaribiana mbele ya skrini nyeupe, Neema akicheka, Mzee akiniashiria niirudishe nyuma kidogo. Niliirudisha mara tatu.

Niliendelea kuhariri filamu za wengine kwa miaka kadhaa, chini ya waongozaji wapole na wakali, kisha nikarudi nyumbani. Naikumbuka fleti ile, karak, na kelele za ndege zikishuka wakati tunatafuta ukimya wa kurekodi. Vijana huniuliza wanunue kamera gani. Huwaambia waulize wasichokijua wakiwa bado wadogo, maana baadaye aibu huwa kubwa zaidi. Wanaitikia, kisha wananiuliza tena juu ya kamera.

Siumii kwa sababu ya filamu ile. Iliisha vizuri, na watu waliipenda. Naumia kwa jambo dogo. Msimamizi aliuona uso wa Mzee Barasa pale alipomkumbatia bintiye. Dereva aliuona. Wasichana wote wa basi lile waliuona. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na sijui ulikuwaje. Nilikuwa nafuta kioo.